Nikifungua maiki wenzangu hawanisikii vizuri, nikinyamaza wananilaumu: nifanye nini?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 24 na kwa miezi minane sasa nacheza gemu la kurushiana risasi, watano kwa watano. Mara nyingi naingia peke yangu, kwa hiyo napangwa na watu nisiowajua. Uchezaji wangu si mbaya, tatizo ni maiki. Huwa naongea kwa sauti ya chini, wakati mwingine kwa kunong'ona, kwa sababu nacheza usiku na ndugu zangu wamelala. Nikisema kitu wananiuliza 'nini?' mara mbili tatu, au tunaanza kuongea kwa pamoja na mimi ndiye ninayeacha. Juzi mmoja alipotambua kuwa mimi ni mwanamke alinikejeli hadi mechi ikaisha, wengine wakicheka. Tangu siku hiyo nimezima maiki, na sasa naambiwa ukimya wangu unaiangusha timu. Sauti yangu hutetemeka na nadhani kila mtu anasikia. Je, nalazimika kuongea? Matusi kama yale yanarekodiwa popote? Rafiki yangu ananishauri ninunue maiki ya bei kubwa."

Dada yangu, ndani ya barua yako kuna matatizo matatu yaliyofungwa fundo moja: la mashine, la zamu za kuongea, na la watu wakorofi. Umeyabeba yote kana kwamba chanzo chake ni sauti yako. Nitalifungua fundo hilo taratibu, nikianza na la mashine, kwa sababu ndilo rahisi na nashuku limekusumbua kuliko unavyodhani.

Programu za sauti hazirushi kila kinachoingia kwenye maiki. Zingefanya hivyo, wenzako wangesikiliza feni yako, kibodi yako na pumzi zako usiku kucha. Kwa hiyo huwekwa kizingiti: sauti ikiwa chini yake mlango unabaki umefungwa, ikipanda juu yake mlango unafunguka. Kwa mtu anayepaza sauti, mlango hufunguka papo hapo. Kwa anayeongea chini kama wewe, mlango unasitasita. Silabi ya kwanza inapotea kabla haujafunguka, na ya mwisho inamezwa pale sauti inaposhuka. Wewe umesema "wawili kushoto", wao wamesikia "…wili ku…". Ndipo wanauliza "nini?" Unaona haya, unashusha sauti zaidi, na mlango unazidi kukufungia.

Baada ya kizingiti kuna kichujio cha kelele, ambacho kazi yake ni kutenganisha sauti ya mtu na kelele za chumba. Mtu akinong'ona, nyuzi zake za sauti hazitetemeki. Kinachotoka ni hewa inayopita tu, na hewa inayopita inafanana mno na feni. Kichujio kikali kinaweza kuifuta sentensi yako nzima bila wewe kujua, maana kwenye skrini yako kila kitu kinaonekana sawa.

Ingia kwenye mipangilio, uache ule mtindo wa maiki kujifungua yenyewe, uchague kitufe: unabonyeza, unaongea, unaachia. Ukitumia kitufe, kwa kawaida kile kizingiti hakina kazi tena, kwa sababu wewe ndiye bawabu. Bonyeza, subiri kidogo kama kupepesa jicho, sema, na uachie baada ya neno kuisha. Wengi huachia wakati neno la mwisho bado liko mdomoni. Kichujio nacho kishushe ngazi moja. Maiki isogeze iwe umbali wa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, isiwe mbele yake kabisa, ili pumzi isiipige. Ukishaisogeza hivyo huhitaji kupaza sauti wala kuamsha mtu. Ongea chini, lakini usinong'one.

Tuje kwenye kuongea kwa pamoja. Watafiti waliolinganisha maswali na majibu katika lugha 10 za pande mbalimbali za dunia walichapisha mwaka 2009 kwamba, kwa wastani, kati ya mtu mmoja kumaliza na mwingine kuanza hupita kama milisekunde 200 tu, yaani moja ya tano ya sekunde. Tunapokezana kwa kasi hiyo tangu utotoni bila kujua tunafanya hivyo, tukisaidiwa na macho, pumzi na mikono ya mwenzetu.

Mtandaoni misaada hiyo haipo, na sauti yenyewe inachelewa. Inakatwa vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20 kila kimoja, na kubanwa. Kodeki, yaani njia ya kubana sauti na kuifungua tena, inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Opus, iliyotolewa kama kiwango rasmi mwaka 2012. Vipande hivyo vinasafiri hadi kwenye seva na kutoka hapo kwenda kwa wenzako, na vikifika vinangojeshwa kidogo ili vilivyochelewa njiani viwakute wenzao. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri safari nzima ya upande mmoja isizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kama kawaida. Chukulia yako inatumia 250. Ukisikia kimya, kimya hicho kimeshapita robo sekunde nzima. Kuna mwenzako ambaye tayari ameanza kuongea na wewe hujamsikia. Unaanza nawe. Mnagongana. Kati yenu, anayeacha ni yule mwenye adabu, na yule mwingine huenda hakujua hata kama uliwahi kufungua mdomo. Nimewahi kusikiliza wachezaji wawili wakiombana radhi mara tatu, "endelea wewe", "hapana, sema wewe", huku adui anapita katikati yao.

Kwa hiyo usitafsiri kila mgongano kuwa dharau. Ukigongana na mtu na ulichonacho ni cha haraka, kirudie mara moja kwa maneno machache zaidi. Kama si cha haraka, kiache kipite. Baada ya sekunde tano kitakuwa kimepitwa na wakati hata hivyo.

Kuhusu kutetemeka. Mtu akiwa na wasiwasi, misuli ya koo inakaza na pumzi inakuwa fupi, na sauti hukosa mahali pa kuegemea. Hilo ni kweli linakupata. Ila unalisikia kwa ukubwa ambao wengine hawausikii, kwa kuwa wewe unahisi na moyo unavyodunda na mikono inavyotoa jasho, wao wanapata sekunde mbili za sauti iliyobanwa katikati ya milipuko. Majaribio ya saikolojia yameonyesha mara kadhaa kwamba anayeongea mbele ya watu hukadiria woga wake unaonekana kuliko wasikilizaji wanavyouona, na kwamba kumweleza jambo hilo kabla hajaanza humsaidia kuongea vizuri zaidi. Ndiyo maana nakueleza. Toa pumzi yote kabla ya kubonyeza kitufe, vuta ndogo, kisha ongea; sauti inayopanda juu ya pumzi mpya haitetemeki sana.

Sasa yule mkorofi. Sitakuambia hayo ni maneno tu na uyazoee. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa ndani ya gemu la Halo 3: watafiti waliingia mechi nyingi na watu wasiowajua wakitumia maneno yaleyale yaliyorekodiwa mapema, mara kwa sauti ya mwanamume, mara kwa sauti ya mwanamke, na mara nyingine bila sauti kabisa. Sauti ya mwanamke ilielekezewa maneno mabaya mara tatu zaidi ya ile ya mwanamume, na mara tatu zaidi ya ukimya. Sentensi ni zilezile, kilichobadilika ni koo. Uchambuzi mwingine wa mechi za gemu hilohilo, uliotoka mwaka 2015, ulikuta kwamba wanaume waliomshambulia zaidi mwenzao mwenye sauti ya kike ni wale wenye kiwango cha chini cha uchezaji. Waliokuwa wazuri walimsemesha vyema. Debe tupu haliachi kuvuma. Silisemi hili kukufariji. Nalisema ili ukome kuchunguza ulikosea nini siku ile.

Kwa nini mtu amtukane asiyemjua kwa urahisi hivyo? Hakuoni usoni, hakujui jina, baada ya nusu saa mnaachana moja kwa moja, na amekaa na hasira ya kushindwa isiyo na pa kwenda. Ubaya wa sauti ni kwamba inakutangaza hata usipotaka: jinsia, umri wa kukisia, lafudhi, usingizi, hofu. Maandishi huficha yote hayo. Hata hivyo sauti hiyohiyo ina faida kubwa upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vikundi vya wachezaji wa World of Warcraft uliwalinganisha waliopewa mawasiliano ya sauti na waliobaki na maandishi peke yake, na wenye sauti wakazidi kupendana na kuaminiana. Tofauti na hali yako ni moja: wale walikuwa wanachama wa kikundi kimoja, kesho wanakutana tena. Wewe umekuwa ukiongea na watu ambao kesho hawapo. Nitarudi kwenye hilo, maana nadhani ndipo dawa ya kudumu ilipo.

Je, unalazimika kuongea? Hapana. Unachodaiwa na timu ni taarifa, na njia ya kuifikisha ni hiari yako. Mwaka 2019 gemu la Apex Legends lilitoka na mfumo wa alama ambapo kwa kitufe kimoja mchezaji anaonyesha adui, silaha au mahali pa kwenda, na mhusika wake anatamka kwa niaba yake. Ulifanya kazi vizuri kiasi kwamba magemu mengi yalifuata mkondo huo, na mwaka 2021 kampuni ya Electronic Arts, yenye gemu hilo, iliruhusu wengine kutumia hataza yake bila malipo, kwa hoja kwamba mfumo huo unawafungulia mlango wachezaji wasiosikia au wasioweza kuongea. Hao hawaiangushi timu kwa kukosa sauti.

Lakini nisikudanganye, alama zina mipaka. Zinasema "adui yuko hapa", haziwezi kusema "msiingie bado, nadhani ni mtego", wala kupanga raundi ijayo. Katika ngazi za chini hutaona tofauti kubwa. Kadiri unavyopanda, mechi huamuliwa na mambo madogo, na timu isiyopanga kwa mdomo inaanza kuonekana. Ukiamua kubaki bila maiki, basi usizime masikio pia, na mwanzoni mwa mechi andika mstari mmoja: "Nawasikia, siongei, nitaweka alama." Hasira nyingi dhidi ya mchezaji mkimya zinatokana na kutojua kama yupo au ameondoka mezani. Mstari huo huondoa sehemu kubwa ya lawama ulizozitaja.

Ukitaka kurudi kwenye maiki, na kutokana na barua yako nadhani unataka, rudi kwa vipande. Siku chache za kwanza sikiliza tu na uweke alama, ujifunze majina ambayo wenzako wanayaita maeneo ya ramani. Baada ya hapo jiwekee ada ya taarifa moja kwa raundi, isizidi maneno matano: idadi, mahali, hali. "Wawili, ngazini, mmoja kaumia." Usianze na "jamani, mimi naona kama vile…", kwa sababu kufikia hapo mtu ameshakufa. Mipango ina wakati wake, nao ni zile sekunde za mwanzo kabla ya raundi kuanza. Risasi zikianza, sema tu kilichobadilika. Ukifa, eleza aliyekuua yupo wapi, kisha funga mdomo. Aliyebaki peke yake anatafuta nyayo za adui kwa masikio, na maelekezo ya marehemu wanne yanamziba.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wakidhani timu nzuri ni ile inayoongea sana. Ukiwasikiliza wachezaji wa mashindano wakiwa katikati ya pambano utashangaa maneno yalivyo machache na makavu. Mtu wa sauti ya chini na maneno manne ana nafasi nzuri sana katika kazi hii, pengine kuliko yule mpiga domo aliyekucheka.

Akitokea mkorofi, mnyamazishe mapema. Usingoje tusi la tatu, usimtangazie kwamba unamnyamazisha, usimjibu. Jibu lako ndilo analolitafuta, na kila sekunde unayomjibu hutazami ramani. Wako wanaoona huo ni woga. Mimi naona ni kama kufunga dirisha vumbi linapoingia. Gharama ipo, nayo ni kwamba taarifa zake nzuri utazikosa pia, kwa hiyo mzime yeye peke yake na uwaache wengine wanne, au tuseme watatu, maana wa tano ni wewe. Wasichana wengine hutumia programu za kubadilisha sauti. Siwalaumu, zinasaidia kwa muda, ila huongeza ucheleweshaji na kuchafua matamshi, na tatizo lako la kwanza lilikuwa kutosikika.

Kurekodiwa inategemea gemu na mashine. Kwenye Xbox, tangu mwaka 2023 unaweza kuhifadhi sekunde 60 za mwisho za mazungumzo na kuziambatisha kwenye ripoti. Gemu la Fortnite lina mfumo unaoshika dakika tano za mwisho kwenye kifaa chako, na sauti hiyo haitumwi kwa mtu hadi kuwe na ripoti. Gemu la Call of Duty mwaka huohuo wa 2023 lilianza kutumia programu inayochambua maongezi yanapoendelea na kuwaonyesha wasimamizi penye shaka. Riot Games ilibadilisha masharti yake mwaka 2021 ili iweze kurekodi sauti katika gemu lake la Valorant, na mwaka uliofuata ikaanza kukusanya sauti hizo Amerika Kaskazini. Unaona mwenyewe kwamba muda ni mfupi. Ripoti palepale, mechi ikiwa bado inaendelea ikiwezekana. Ukisema utaripoti asubuhi, ushahidi wa aina hiyo unaweza kuwa umeshafutika. Chagua kipengele sahihi pia: kejeli za kijinsia hazihesabiwi sawa na mtu aliyecheza vibaya.

Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba mgeni yeyote anaweza kukurekodi wewe. Usitaje jina lako, unakokaa wala kazini kwako. Na kumbuka watu wa nyumbani: mtu akikuita kwa jina kutoka chumba cha pili maiki ikiwa wazi, wenzako wote wanne wamelijua. Kitufe kinakukinga na hilo nalo. Kama wadogo zako wanatumia mashine hiyo, wawekee akaunti zao, sauti ikiwa imezimwa tangu mwanzo. Marekani ilizichukulia kwa uzito sauti kuachwa wazi kwa watoto: mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, yenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 275 katika shauri la faragha ya watoto, na ikatakiwa kuzima mazungumzo ya sauti na maandishi ya watoto na vijana hadi yafunguliwe kwa ridhaa.

Ile dawa ya kudumu niliyoiahidi ni hii. Mechi ikiisha na ulipangwa na mtu aliyeongea kistaarabu, mtumie ombi la urafiki hapohapo, hata kama mlishindwa. Wengi hawatajibu. Ukipata wawili au watatu katika mwezi, inatosha. Ukiingia nao, wageni waliobaki ni wachache, na mkorofi akianza atakuta kuna watu upande wako. Woga wa maiki hupungua haraka mno ukiwa na sauti moja tu unayoifahamu masikioni.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ikiwa kutetemeka huku kunakufuata nje ya gemu, unakwepa kupokea simu, unanyamaza vikaoni ilhali una la kusema, au siku mbili kabla ya tukio usingizi umeshakatika, muone mwanasaikolojia au mshauri nasaha ana kwa ana. Hofu ya kuongea mbele ya watu inatibika, na tiba ya kubadili fikra pamoja na kukabili hali moja baada ya nyingine ina rekodi nzuri. Ikiwa ni kigugumizi, anayehusika ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Na mtu akivuka kejeli akafika kwenye vitisho, akakutafuta nje ya gemu, akaonyesha anajua unakoishi au akadai picha, hiyo imeshatoka kwenye michezo: hifadhi picha za skrini na rekodi, mwambie mtu unayemwamini nyumbani, na upeleke polisi. Usikae nayo peke yako ukingoja aache.

Kuhusu maiki ya bei kubwa, usinunue bado. Jirekodi kwanza dakika moja kwa hiyo uliyonayo, kwa sauti yako ya usiku, feni ikiwa inazunguka, mara moja kwa ule mtindo wa kujifungua yenyewe na mara moja kwa kitufe, halafu usikilize kwa hedfoni. Kama maneno yamefika mazima kwa kitufe, fedha yako baki nayo. Kama bado yanakatika, angalia waya na ile tundu unayochomeka kabla hujamsikiliza rafiki yako.